Madeli Matatu ya Bahari, Kigamboni hadi Bariadi

Tangu nifike huku, kila anayenipigia simu anauliza samaki kwanza, mimi baadaye. Nimeshasimulia vipande vipande hadi habari imepinda: mmoja kasikia tulikamatwa na polisi, mwingine kaambiwa samaki wote niliwakaanga Singida. Nimeona nikae niandike mara moja. Habari za vibali na za kukodi gari nitaziruka, maana ziliwachosha hata mlipozisikia mara ya kwanza.

Kwa wale ambao hawakuwahi kufika kwangu: mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Tanga, na kwa miaka tisa sebuleni kwangu Kigamboni kulikuwa na tangi la kioo la lita mia tatu lenye maji ya bahari. Ndani yake kulikuwa na mawe ya baharini na matumbawe niliyoyalea tangu yakiwa madogo kama kucha. Kulikuwa na anemoni, yule mnyama laini mwenye minyiri mingi ambaye wageni humdhania ua, na samaki wawili wa rangi ya chungwa waliokuwa wakilala humo kwenye minyiri yake. Kulikuwa na kamba mmoja mwekundu. Na kulikuwa na samaki aina ya kangaja, mkubwa wao, ambaye nilimpata akiwa hazidi sarafu, akakua hadi akawa na upana wa kiganja changu.

Mume wangu Mabula ni mfamasia. Baba yake alipofariki, mama yake alibaki peke yake na mashamba nje kidogo ya mji wa Bariadi, macho yakiwa yamepungua nguvu. Mabula ni mtoto wa pekee wa kiume. Akatangulia yeye, mimi nikabaki kumaliza muhula, nifuate na vyombo mwezi wa kumi na mbili. Siku moja kwenye simu aliniambia, "Ukiona hao samaki ni mzigo, wagawe. Mama hatakuelewa, lakini atakupokea tu."

Hilo "hatakuelewa" lilinikosesha usingizi kuliko safari yenyewe. Katika miaka saba ya ndoa nilikuwa nimeonana na mama mkwe mara tatu, kila mara katikati ya watu wengi, Mabula akitafsiri. Sasa nilikuwa naenda kuishi naye nyumba moja, na mkononi namletea kitu ambacho mwanawe mwenyewe anasema hatakielewa.

Kigamboni hadi Dodoma

Gari lilikuwa Canter, na dereva aliitwa Shija, mtu wa makamo, mzaliwa wa Zagayu, si mbali na tulikokuwa tunaenda. Alipojua mume wangu ni Msukuma mwenzake akaanza kuniita shemeji, na hakuacha hadi mwisho.

Tulipakia kabla ya jua. Tangi tupu tulilivisha magodoro mawili na kulifunga kamba. Wanyama niliwagawa kwenye madeli matatu, yale makubwa ya kuhifadhia baridi: la kwanza anemoni na wale samaki wawili pamoja na kamba, la pili matumbawe, la tatu kangaja peke yake, maana akitishwa hutoa miiba mkiani na kujeruhi wenzake. Madumu manane ya maji ya bahari tuliyapanga ukutani kwa ajili ya kuanzia maisha mapya. Hewa ilitoka kwenye pampu ndogo tuliyoiunga kwenye betri ya gari, mipira mitatu myembamba ikiingia madelini. Kwa dharura nilikuwa na pampu mbili za betri za tochi.

Shija aliinamia deli la tatu akamtazama kangaja.

"Shemeji, huyu akikosa hiyo hewa anakaa muda gani?"

"Dakika arobaini. Labda saa moja."

Akajiinua, akasema, "Basi tusizime gari."

Tukaondoka na wasiwasi huo katikati yetu kama abiria wa tatu. Kila tulipofika kwenye tuta nilifumba macho. Kila baada ya nusu saa nilimwomba asimame nipande nyuma, nishike maji kwa mkono, nisikilize mapovu. Hadi Morogoro alikuwa amesimama mara saba, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejuta kwa adabu.

Gairo tulisimama kula. Mama mwenye kibanda aliona nimepanda nyuma na sahani ya wali mkononi, nakula nikitazama deli. Akaja kuchungulia.

"Hao samaki mbona hamjawatia barafu ya kutosha? Wataoza kabla ya Dodoma."

"Wako hai, mama."

"Ndiyo maana nakwambia. Waue sasa hivi, nikukaangie hapa hapa, ukifika unapasha moto tu. Mafuta yangu mapya."

Nikamshukuru, nikamwambia hawa ni wa kutazama. Alinitazama mimi kwa muda kuliko alivyowatazama samaki. Kisha akaenda kumwambia Shija, kwa sauti aliyodhani siisikii, kwamba ninahitaji kupumzika.

Dodoma tuliingia jua likizama. Usiku wenyewe hauna la kusimulia: tulichomeka pampu kwenye umeme wa gesti. Nililala ndani ya gari, na waliolala vizuri ni samaki.

Dodoma hadi Singida

Baada ya Manyoni tulisimamishwa na askari wa barabarani, kijana mpole mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri. Aliomba kuona mzigo. Shija akafungua mlango wa nyuma. Askari akaona mipira myembamba inashuka kutoka juu, akaona mashuka niliyofunika madeli kuzuia jua, akasikia mapovu, na nikaona uso wake unabadilika.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Hakuna mgonjwa, afande."

"Hii si oksijeni?"

"Ni hewa, ndiyo, lakini..."

"Mnamsafirisha mgonjwa nyuma ya Canter, mmemfunika uso?" Sauti ilikuwa imepanda, na mimi nikajiona mkosaji, ingawa sikuwa na kosa. Nilipanda, nikavuta shuka la deli la kwanza. Wale samaki wawili walikuwa wamejibana kwenye minyiri ya anemoni, vichwa nje, wanatutazama.

Askari aliinama. Mwishowe akauliza kama kweli wanakaa pamoja hivyo siku zote, nikamwambia siku zote. Akauliza yupi mume. Nikamwambia yule mdogo. Akacheka, akafunga mlango mwenyewe, tena polepole, akatuambia tuwahi kwa sababu jua la mbele ni kali.

Singida tulipita saa nne na nusu. Nilikuwa nimeanza kupumua. Nilimpigia Mabula nikamwambia kesho mapema tuko nyumbani. Kumbe sikujua kilichokuwa kinatungoja mlimani.

Sekenke

Lori lililobeba saruji lilikuwa limelala ubavu kwenye kona ya mteremko wa Sekenke, limeziba njia nzima. Dereva wake alikuwa mzima, amekaa kwenye jiwe na bandeji kichwani. Mbele yetu kulikuwa na mabasi matatu na malori nisiyoweza kuyahesabu. Nyuma yetu dakika kumi baadaye kulikuwa hivyo hivyo. Ilikuwa saa saba mchana. Watu walisema mashine ya kuliinua inatoka Singida.

Shija aliacha injini iungurume ili pampu ifanye kazi. Baada ya nusu saa akanionyesha mshale wa joto la injini.

"Shemeji, hii ikifika huku juu, gari linakufa. Gari likifa, na sisi na samaki tunalala hapa."

"Zima basi, tutumie betri tu."

"Betri ikiisha haliwaki tena."

Akazima, akachomoa na pampu. Mapovu yakakatika katika madeli yote matatu kwa pamoja. Nadhani sijawahi kusikia kimya cha namna ile.

Nilitoa pampu zangu mbili za dharura. Mbili, kwa madeli matatu. Moja niliitia kwenye deli la anemoni. Nyingine niliishika mkononi, nikasimama kati ya matumbawe na kangaja, na niwaambie ukweli, nilisimama pale muda mrefu. Matumbawe yale yalikuwa miaka tisa ya kazi yangu; yakianza kufa yangeharibu maji, na wengine wote wangefuata. Kangaja alikuwa mmoja. Nikaitia kwenye matumbawe.

Kisha nikachukua kikombe changu cha chai, nikateka maji kwenye deli la kangaja, nikayainua, nikayamwaga kutoka juu ili yaingie na hewa. Nikateka tena. Nikamwaga tena. Baada ya dakika ishirini mkono ulikuwa unawaka moto, jasho linaniingia machoni, na kangaja alikuwa ameanza kupanda juu na kufungua mdomo.

"Mayu, unapoza uji?"

Aliyeniita mama kwa Kisukuma alikuwa amesimama mlangoni, mwanamke wa makamo, kitenge kiunoni na kingine begani. Abiria wa basi lililokuwa mbele yetu. Nilimweleza kwa pumzi za kukatika. Hakuuliza swali la pili. Aliomba maji, akanawa mikono hadi viwikoni bila sabuni kama nilivyomwomba, akapanda, akaninyang'anya kikombe.

Jina lake Minza, na alikuwa anarudi kwake Lingeka kutoka kumuuguza mdogo wake Dodoma. Aliteka na kumwaga kwa mwendo mmoja, hana haraka, kama mtu aliyezaliwa akifanya kazi hiyo. Mimi nilikimbia kutafuta barafu. Wachuuzi walikuwa tayari wamepanda mlimani na ndoo za soda. Nikamwomba mmoja aniuzie barafu bila soda, naye akadhani nina harusi. Niliifunga kwenye mifuko miwili miwili nikaiacha ielee majini, kipande kidogo kidogo, nikipima joto kila mara, maana baridi ya ghafla nayo inaua.

Niliporudi Minza alikuwa bado anateka.

"Huyu mtamla lini?" akaniuliza.

"Hatumli."

"Anataga mayai mkala?"

"Hapana."

"Sasa mnamweka wa nini?"

Kwa wanafunzi wangu nina jibu refu juu ya viumbe na mazingira. Pale mlimani, na mkono umekufa ganzi, halikuja. Nikasema, "Nimemzoea."

Minza akateka mara mbili tatu. "Mume wangu ana maksai, kazeeka, jembe halivuti tena. Nimesema auzwe, miaka minne sasa. Kila nikisema, anatoka nje." Akamwaga maji. "Hajanijibu hata siku moja. Labda na yeye ni hivyo."

Watu walianza kuja. Kwanza kutazama, kisha kuuliza, kisha bila mimi kuomba wakawa wanapokezana. Alikuja mchungaji wa kanisa fulani aliyevua koti kwanza. Akaja msichana wa chuo aliyetaka kupiga picha, Minza akampa kikombe badala yake. Mwanamume mmoja alisema kwa sauti kwamba kiumbe cha baharini hakipandishwi mlima, kwamba bahari ina wenyewe na ajali ile huenda si bure. Wachache wakasogea nyuma. Niliona namna watu walivyoanza kutazamana.

Shija ndiye aliyejibu, kwa Kisukuma, maneno machache. Watu wakacheka, hata yule mwanamume akacheka kidogo, na zamu zikaendelea. Nilimuuliza baadaye alisema nini. Akasema alimwambia kama bahari ina wenyewe, basi mwenyewe ni huyu shemeji, kapanda naye Canter, mkamuulize.

Saa kumi na moja kasoro njia ilifunguka. Basi la Minza lilipiga honi. Alishuka, akajifuta mikono kwenye kitenge, nikamshika nikimwambia asante, asante, sina neno lingine. Akanifundisha. "Sema wabeja."

"Wabeja."

"Haya. Na ukimsalimia mkweo mchana usiseme mwangaluka, hiyo ya asubuhi. Sema mwadila."

Akakimbilia basi lake. Sikuchukua hata namba yake ya simu, na hilo linaniuma hadi leo.

Shinyanga hadi Maswa

Tulilala Shinyanga, pampu kwenye umeme wa gesti tena, tukiwa tumechoka kupita kiasi. Asubuhi kangaja alikuwa hai, lakini rangi yake ilikuwa imepauka, na alikuwa ameegemea ukuta wa deli kwa ubavu. Nilibadilisha maji kidogo kutoka kwenye madumu. Nilimwambia Shija leo usikimbie lakini usichelewe, naye akasema maneno hayo mawili hayakai kwenye gari moja.

Barabara ilikuwa nzuri. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, pamba ndiyo kwanza inachipua, na pande zote mbili watu walikuwa wameinama shambani. Nilikuwa nafanya mazoezi ya salamu kwa sauti: mwadila, mwadila. Shija alikuwa ananisahihisha.

Karibu na Maswa, kundi la ng'ombe likaingia barabarani bila onyo. Shija alikanyaga breki kwa nguvu zote. Ng'ombe hakuguswa hata mmoja. Lakini nyuma yetu, ndani ya mzigo, kilisikika kitu kimoja kifupi: ka!

Tukatazamana.

"Sufuria," nikasema.

"Sufuria," akasema Shija.

Nilishuka nikaangalia madeli. Yalikuwa salama, maji kidogo yamemwagika. Ningeweza kufungua magodoro niangalie na tangi. Mkono ulifika kwenye kamba. Nikauondoa. Nilijua nikikuta nilichokuwa nakiogopa, hakuna cha kufanya pale njiani, na bado ningekuwa na safari ya kukaa nacho kifuani. Kwa hiyo nilichagua sufuria, na hadi Bariadi hatukulizungumza tena. Lakini Shija aliacha kunisahihisha salamu.

Bariadi

Tuliingia kwenye uwanja wa mama mkwe saa nane mchana. Nilitegemea kukuta watu wawili. Nilikuta watu kama ishirini, wamekaa kwenye mikeka na viti vya kuazima, wengine wamevaa nguo za kutokea. Kando ya nyumba kulikuwa na majiko mawili ya mafiga yanayowaka. Juu ya moja sufuria kubwa ya ugali, juu ya jingine karai la mafuta linalongoja cha kukaanga.

Mama mkwe alinyanyuka. Mwembamba, mrefu, kichwa amekielekeza kwenye sauti ya mlango wa gari kuliko kwangu. Nikapiga goti.

"Mwangaluka, mama."

Saa nane mchana. Kicheko kikapita uwanjani kama upepo. Nikataka ardhi inimeze. Lakini yeye aliitikia vile vile, mwangaluka, kana kwamba jua ndiyo lilikuwa linachomoza, akanishika mikono, akajaribu Kiswahili.

"Karibu, ng'wanone, mwanangu. Tumekungoja. Hawa wametoka Nkololo tangu alfajiri. Samaki wako wapi?"

Hapo Mabula alitokea nyuma ya nyumba akikimbia, na kwa uso wake tu nilielewa. Alikuwa amemwambia mama yake naja na samaki wa maji chumvi. Mama alisikia samaki wa chumvi. Na kwa kuwa mkamwana kutoka pwani anakuja na samaki gari zima, aliita ukoo wote waje kula.

"Nimejaribu kumweleza tangu asubuhi," Mabula akaninong'oneza. "Anasema samaki hai ni vizuri zaidi."

Nilisimama katikati ya uwanja ule na watu wote wale, karai la mafuta linatoa moshi. Nilifikiria hata kutoa kangaja. Nawaambia ukweli, kwa pumzi moja nilifikiria. Kisha nikasema, kwa sauti iliyotoka ndogo mno, "Mama, hawa hawaliwi. Nisamehe. Nimewalea."

Mabula akatafsiri. Mzee mmoja wa Nkololo akauliza kitu, mwingine akamjibu, na wote wakageuka kumtazama mama mkwe. Yeye akasema sentensi moja kwa Kisukuma. Wasichana wawili wakaondoka mbio, na dakika chache baadaye nilisikia kuku wanapiga kelele.

Sikupata nafasi ya kufurahi, maana Shija alikuwa ameshafungua magodoro. Aliniita kwa jina langu, Rehema, kwa mara ya kwanza tangu Kigamboni. Kona ya chini ya tangi ilikuwa imepasuka, ufa mrefu kama mkono, umepanda hadi katikati ya kioo.

Nilikaa chini pale pale kwenye mavumbi. Siku mbili na nusu sikulia, na pale pia sikulia, nilihesabu tu. Madeli yamechoka, maji yamechoka, kangaja anaegemea ukuta. Tangi jipya halipo karibu. Mabula alianza kupiga simu kwa mafundi wa vioo, mmoja baada ya mwingine. Walioshika walisema wiki ijayo.

Mama mkwe alikuwa amesogea. Alimuuliza Mabula kuna nini, akaelezwa. Akauliza jambo moja.

"Wanataka chombo kikubwa kiasi gani?"

Mabula akaonyesha kwa mikono, kisha akakumbuka kwamba haoni vizuri, akasema, "Kama pipa lile la ndani."

Pipa lile la ndani lilikuwa la plastiki, la buluu, na lilikuwa limejaa mpunga. Akiba yote ya nyumba hadi mavuno. Mama akaagiza turubai litandikwe sebuleni. Wanaume wanne wakalibeba pipa, wakaliinamisha, na mpunga ukamwagika chini kwa sauti ndefu isiyoisha, hadi sakafu ikajaa ukuta hadi ukuta.

"Mama, mpunga wako," nikasema. "Panya, unyevu..."

"Mpunga unaweza kulala chini," akasema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Hawa wako hawawezi kungoja."

Tuliliosha pipa kwa maji ya kisima mara tatu, kisha kwa maji ya bahari. Tukamimina madumu. Mawe, kisha matumbawe, kisha anemoni, kisha wale wawili na kamba. Wa mwisho kangaja. Umeme ulikuwepo, pampu ikawaka. Watu wa Nkololo walisimama kuzunguka pipa wakila ugali na kuku, wakichungulia kwa zamu, na hakuna aliyeuliza tena kwa nini hawaliwi.

Asubuhi

Fundi wa vioo alikuja siku ya nane, akakata kioo kipya, akakigundisha, akaniambia tusubiri wiki nyingine gundi ikauke. Sasa tangi liko sebuleni, limejaa. Matumbawe mawili yalikufa, mengine yamefunguka. Anemoni alikaa siku tano amejikunja kama ngumi, ya sita akatandaza minyiri yote. Wale wawili wa chungwa wako ndani yake. Kamba ameshajivua ganda mara moja, na mimi na mama tumerudisha mpunga ndani ya pipa kwa vikombe, kazi ya siku mbili, tukifundishana maneno.

Lakini nilitaka kuwaambia asubuhi ile ya kwanza.

Niliamka nikaenda kwenye pipa kabla sijanawa uso. Kangaja alikuwa juu ya maji, ubavu, hasogei. Nikamtoa kwa mikono miwili. Nikatoka naye nje, nikakaa kwenye kizingiti, nimempakata kwenye kipande cha kanga, sijui nangoja nini. Nilikuwa namfikiria akiwa na ukubwa wa sarafu. Nilikuwa nafikiria ile pampu ya pili, mkononi mwangu, na mahali nilipoitia.

Mama mkwe alitoka. Akakaa kando yangu. Aliinama hadi uso wake ukakaribia mapaja yangu, ndipo akamwona.

"Ndiye yule mkubwa?"

"Ndiye, mama."

Kisha akauliza, kwa uangalifu, kama mtu anayeuliza mila ya wageni asije akawakosea:

"Na huyu, kwenu huwa mnafanyaje? Mnazika?"

Ndugu zangu, mnajua jibu. Kwetu Tanga kangaja anapakwa ndimu na pilipili, anachomwa. Nimewala tangu sijaota meno yote. Nikamtazama mama yule, macho yake yenye ukungu yametulia usoni kwangu, yanangoja kujua la kufanya.

"Tunazika, mama," nikasema.

Hakuuliza zaidi. Alienda akarudi na jembe, akanishika bega tukatembea hadi mwisho wa mistari ya pamba. Nilitaka kuchimba mimi, hakuniachia. Alichimba shimo la kina cha mkono mzima, akasema mbwa wa hapa ni wabaya. Nikampa kangaja ndani ya kanga. Akapiga magoti, akamweka chini, na mkono wake ukabaki juu yake.

"Kichwa kinaelekea wapi?"

Jua lilikuwa ndiyo linatoka. Nikamshika mkono, nikaunyoosha kuelekea kule linakotokea, upande wa bahari.

Akampapasa kwa vidole viwili kujua kichwa kiko wapi, akakuta amemlaza kinyume, akamgeuza.